Jina Nililolitaja Dongobesh

Gehandu, Hanang
4 Februari 2025

Ndugu Gidahosh,

Usishtuke kuona barua. Mimi ni Natalia Nikolausi, yule wa kikundi cha maigizo cha Mwalimu Xavery kule Mbulu, niliyekuwa mama yako jukwaani kwa miaka minne ilhali nimekuzidi miaka mitatu tu. Nimeambiwa una simu lakini unaichaji siku ya mnada peke yake. Hata ungekuwa nayo mkononi muda wote nisingepiga. Haya ninayotaka kukuambia, kwa simu ningeishia kukuuliza habari za mvua. Anayekuletea barua ni Yahaya, yule muuza vitenge anayezunguka minadani. Nimempa na karatasi ya wewe kunijibia, kwa hiyo hilo nalo lisiwe sababu.

Mimi nipo. Nina miaka hamsini na tisa. Mume wangu Maximilian alifariki miaka minne iliyopita, Mungu amrehemu. Binti yetu Violeth anafundisha Babati. Nalima mahindi na mbaazi, na hapa Gehandu mtu akifariki mimi ndiye ninayeitwa kusoma wasifu wa marehemu. Huko ndiko yalikoanzia haya mambo. Desemba nilisoma wasifu wa mzee mmoja jirani, watu wakacheka nilipotaka wacheke, wakalia nilipotaka walie, kumbe amekaa pale binti mmoja kutoka Katesh, Hadiya, mtoto wa kaka yake Yahaya. Anatengeneza filamu. Watapiga picha kule Gendabi baada ya Pasaka. Alinifuata mpaka kwenye sufuria za msiba, akasema, "Shikamoo mama. Wewe umewahi kuigiza." Hakuwa anauliza.

Gidahosh, nilifurahi mpaka nikaona aibu, maana tulikuwa msibani. Miaka thelathini na miwili! Zamani Mwalimu Xavery alikuwa akinipaka unga kichwani nifanane na bibi kizee. Sasa unga wa nini?

Lakini nafasi yenyewe ni ya mama ambaye mwanawe anauza ng'ombe wake wa maziwa akanywee pombe, na mama anamlaani. Ni mchezo wetu uleule. Inaonekana watoto wa huku hawajaacha kuwaudhi mama zao.

Unakumbuka utaratibu wetu. Kwetu na kwenu laana ya mama si kitu cha kuchezea, ndiyo maana Mwalimu aliweka masharti. Laana ninamtupia Petro, jina la kwenye mchezo, kamwe si wewe. Na mchezo ukiisha, kabla watu hawajanyanyuka, nakupa maziwa kwenye kibuyu mbele yao wote na kusema, "Petro amekwisha. Huyu ni Gidahosh, mtoto wa watu, aende salama." Hapo ndipo watu walipokuwa wakipumua na kuanza kupiga makofi.

Siku ile ya Dongobesh, Aprili 1993, nilisema Gidahosh. Jina lako lenyewe, kwa sauti yangu yote. Lilinitoka tu. Kisha mvua ikamwagika, watu wakakimbia, lori likawashwa, na maziwa yakabaki kwenye kibuyu. Ulikuwa umepata nafasi ya chuo cha sanaa kule pwani. Hukusoma huko. Baadaye nikasikia ng'ombe wa baba yako wamekufa, na sasa Yahaya ananiambia unatembelea fimbo.

Swali langu ni moja. Je, nilikuharibia maisha? Ukisema ndiyo, namwambia Hadiya atafute mwingine, na mdomo huu utabaki kusomea wasifu wa marehemu.

Ni mimi,
Natalia


Getanuwas
14 Februari 2025

Dada Natalia,

Barua nimeipata, na karatasi pia. Ahsante, ila umenipa moja, kwa hiyo nafupisha. Sisi wazima. Mke wangu Benedikta mzima. Wajukuu ni kumi na mmoja, sitawataja majina. Ng'ombe wapo, majani yapo. Huku mvua za vuli zilichelewa lakini zimetosha.

Hayo ya Dongobesh ni ya zamani. Mimi sikumbuki lilitajwa jina gani, mvua ilikuwa kubwa na mtu akinyeshewa hasikii vizuri. Nenda ukaigize.

Pole sana kwa Maximilian.

Gidahosh


Katesh
24 Februari 2025

Mama Natalia, shikamoo.

Simu yako haipatikani, hii ni wiki ya pili. Nimewaza labda imeharibika, halafu nikawaza labda umeizima kwa ajili yangu, ndiyo maana nimempa baba mdogo Yahaya barua hii akuletee mkononi.

Mama, sitaki kukusumbua, ila mwisho wa kupata jibu ni tarehe ishirini Machi. Watu wa kamera wanataka orodha. Kuna mama mwingine, anaitwa Gaudensia, anatoka Mbulu mjini. Ni mtu mzuri na yuko tayari, tatizo lake analia hata kabla kamera haijawashwa. Mimi nikifunga macho nakuona wewe umesimama pale msibani na ile karatasi, watu mia tatu wametulia tuli.

Kama kuna kitu kwenye mchezo hukipendi, niambie tukibadilishe.

Mwanao,
Hadiya


Gehandu
27 Februari 2025

Gidahosh,

Umenijibu kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Umenitajia ng'ombe, majani, wajukuu, mvua mara mbili. Chuo hukukitaja hata mara moja. Mimi nakujua. Jukwaani ukisahau maneno ulikuwa unaanza kuzungumzia hali ya hewa, na mimi ndiye niliyekuwa nakurudisha kwenye mstari. Basi nakurudisha.

Nianze mimi kusema kweli, maana barua ya kwanza sikuimaliza. Nilikuandikia kwamba jina lako lilinitoka tu. Halikunitoka. Asubuhi ile Mwalimu Xavery alisoma barua ya chuo mbele yetu sote, wakakupigia makofi, na mimi nikapiga kuliko wote huku roho inaniuma. Maombi tulipeleka wawili, kama unakumbuka. Wewe wakakuchukua. Mimi hawakunijibu hata kunikataa. Mchana nimesimama mbele yako na unga wangu kichwani, nikakuangalia, nikalitaja jina lako nikijua ninachofanya. Ulikuwa wivu, na niliusema kwa Kiiraqw, lugha ya mama yangu, ili uingie vizuri.

Maximilian amekufa hajui. Padri anajua. Aliniambia nikakuombe msamaha, nikasema nitakwenda, na sikuja. Ninakuomba sasa.

Nimejaribu kuyasema maneno ya filamu hapa nyumbani, nimesimama nyuma ya zizi mahali pasipo na mtu. Nikifika kwenye laana mdomo unakataa kabisa. Violeth alipokuja kunisalimia aliniambia, "Mama, si ni script tu jamani, mbona unaichukulia siriasi hivyo?" Yeye hakuwepo Dongobesh. Ninataka sana kuigiza, Gidahosh. Nimeshangaa mwenyewe ninavyotaka, kwa umri huu. Lakini siwezi kufungua mdomo uleule kabla sijajua ulifanya nini mara ya kwanza.

Na usiniambie tena habari ya mvua. Nikienda mnada wa Katesh, wanawake wa huko kwenu wakiniona wanawageuza watoto waangalie upande mwingine. Hawanitukani, wanawageuza tu. Kama wao wanajua nilichosema, wewe unajua.

Hadiya anasubiri mpaka tarehe ishirini. Nakutumia karatasi tatu.

Natalia


Getanuwas
10 Machi 2025

Dada Natalia,

Karatasi zako baki nazo, safari hii nimenunua daftari zima.

Nilisikia. Nililisikia jina langu kuliko neno lolote nililowahi kusikia jukwaani. Nikakuangalia, ukawa umeshageuka unatazama mvua. Wivu wako sikuujua, nimeujua kwenye barua hii, na nimekusamehe kabla sijamaliza mstari. Ila ngoja nawe usikie yangu, halafu tuone nani anamsamehe nani.

Chuoni nilikwenda. Sikufika, lakini nilikwenda. Mama alinifungia nyama kavu, nikavaa suruali ya kaka yangu, ukoo mzima ukanisindikiza, nikapanda basi mpaka Arusha. Pale stendi nikakaa kwenye benchi kusubiri la kwenda pwani. Walikuwepo vijana wawili wanakwenda chuo hichohicho, wanaongea Kiswahili cha kuteleza. Mmoja akaniuliza ninatoka wapi. Nikamjibu. Akalirudia jibu langu vilevile nilivyolisema, na lafudhi yangu yote, mwenzake akacheka. Hakuwa na ubaya, nadhani alitaka urafiki. Lakini nikajiona niko kule mbele ya watu mia, na Kiswahili changu hiki cha Getanuwas, na wote wanacheka kama yule. Basi likaja, likaita abiria, likaondoka. Mimi nikapanda la kurudi Katesh.

Sasa nyumbani ningesema nini? Kijana ameagwa na ukoo mzima anarudi na nyama yake hata hajaila. Baba akaniuliza, nikamwambia, "Nimelaaniwa Dongobesh. Nimefika Arusha miguu ikakataa."

Alinikubalia palepale. Wazee wakaja, wakachinja kondoo, wakanipaka samli. Hakuna aliyenicheka. Mwoga angechekwa mpaka leo, lakini aliyelaaniwa anapewa pole na kuwekewa kiti. Na mimi nikauzoea ule uongo. Kila kitu nilichoogopa kukifanya, sababu nilikuwa nayo tayari. Walinitaka niingie kwenye uongozi wa kijiji, nikasema mnajua hali yangu. Wakaja watu wa redio kutafuta msimulizi, nikasema hivyohivyo. Nimeishi ndani ya laana yako kama mtu anavyoishi ndani ya nyumba, mpaka nikasahau kwamba mlango nimeufunga mwenyewe.

Ng'ombe walikufa kwa ukame. Walikufa wa kila mtu mwaka ule, hata wa watu ambao hawajawahi kuona mchezo. Mguu ni bodaboda, miaka sita iliyopita, tulipanda mshikaki watu watatu na gunia. Hapo hukuhusika hata kidogo.

Kuna jingine, na hili ndilo zito kuliko yote. Mwaka uleule Mwalimu Xavery alikuja mwenyewe mpaka nyumbani kwetu kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Nilimwambia nikimwangalia machoni, na wewe unajua nilivyokuwa mwigizaji mzuri. Aliondoka bila kunywa maziwa. Najua baada ya hapo hakukuita tena. Wanawake wanawageuza watoto, nawaona, nimemwona hata Benedikta akiwageuza wetu. Neno moja langu lingetosha na sikulisema.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana. Wewe hukuniharibia. Mimi ndiye niliyekuharibia.

Gidahosh


Gehandu
14 Machi 2025

Gidahosh,

Nimeisoma mara nne. Ya kwanza nilikaa juu ya gunia la mbaazi nikacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ya pili nililia. Ya tatu nilitaka kukulaani upya, safari hii kwa majina yako yote matatu na la babu yako juu. Ya nne nikagundua nina njaa. Nilipika ugali na mlenda nikala sahani nzima nimesimama, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho chakula kilikuwa kitamu hivyo.

Sijamwua mtu! Mdomo wangu ni mdomo tu! Unajua nimetembea na jambo hili tangu nikiwa na miaka ishirini na saba? Violeth alipozaliwa nilikuwa naogopa hata kumgombeza. Nilimlea kwa kunong'ona. Watu walinisifu eti mama mpole, kumbe mama muoga. Tulikuwa waoga wawili, Gidahosh, mmoja Gehandu mwingine Getanuwas, na katikati yetu jukwaa tupu.

Sasa sikiliza. Wivu wangu ni wangu, na msamaha wako nimeupokea. Lakini Mwalimu Xavery amezikwa akiamini mdomo wangu ni mbaya. Hilo linaniuma na litaendelea kuniuma, na wewe huwezi kulifuta hata ukitaka. Unachoweza ni hiki. Sitaki ng'ombe. Sitaki asali wala wazee wa kutusuluhisha. Nataka siku ya mnada usimame mbele ya wale wanawake, Benedikta akiwepo, uwaambie habari ya lile benchi la Arusha kwa mdomo wako. Na usinong'one. Sema kwa sauti ya jukwaani.

Natalia


Gehandu
Siku hiyohiyo

Hadiya mwanangu, marahaba.

Simu haikuharibika, niliizima. Nisamehe, nitakueleza tukikaa. Nakuja. Usibadilishe neno hata moja kwenye mchezo. Gaudensia mwambie pole, na mpe nafasi ya msibani, ya kulia.

Ombi langu ni moja. Kijana atakayekuwa mwanangu, nisilijue jina lake halisi mpaka tumalize. Nitamwita la kwenye filamu tu.

Mama Natalia


Getanuwas
30 Machi 2025

Dada Natalia,

Nimesema.

Nilipanda pale wanapopandishia ng'ombe kwenye lori, na fimbo yangu. Mpiga mnada akanipa kipaza sauti, nikakataa, nikamwambia nina cha kwangu. Nilianza tangu nyama kavu mpaka benchi mpaka basi la kurudi. Nikataja jina lako nikasema, huyu mama hana hatia, aliyewadanganya miaka thelathini na miwili ni mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa ule ukimya. Hata ng'ombe walinyamaza, au labda mimi ndiye sikusikia.

Kisha Benedikta akauliza kwa nguvu, mbele ya watu wote, "Kwa hiyo na yule kondoo?" Mzee mmoja akadakia kwamba yeye alimla na hana mpango wa kumrudisha. Basi ikawa kicheko, dada yangu. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Nilichekwa robo saa nzima. Hiki ndicho kitu nilichokikimbia Arusha, nikakikimbia maisha yangu yote, na nilisimama pale nikakisubiri kiniue. Hakikuniua. Kilipoisha, mtu akanisogezea chai.

Benedikta hakusema nami siku mbili. Ya tatu aliniuliza kama ajali ya bodaboda nayo ilikuwa ya kweli. Nikamwonyesha kovu.

Sijui kama inatosha. Naona haitoshi. Lakini leo asubuhi nimeamka nimepumua mpaka chini kabisa ya kifua, nikashangaa kumbe hewa inafika huko.

Gidahosh


Gehandu
6 Mei 2025

Gidahosh,

Haitoshi, umesema vizuri. Kuna siku nakukasirikia mpaka napiga jembe chini kwa nguvu, na zitakuwepo nyingine. Lakini leo si siku yake. Leo nataka kukusimulia ya Gendabi, na wewe ndiye wa kwanza, hata Violeth sijampigia.

Tulipiga picha ile sehemu ya laana jana. Asubuhi niliwakuta watazamaji wamejaa ukingoni mwa shamba, na kati yao wanawake kutoka huko kwenu, saba au nane, wametembea mbali kuja kuona. Nilitaka kujificha nyuma ya gari. Mmoja wao, binti mrefu, alikuwa na mtoto mgongoni na khanga imelegea. Alinifuata, akaniamkia, akanikabidhi mtoto kama vile tunafahamiana tangu zamani, akaanza kufunga khanga yake upya. Nilimshika. Alikuwa mzito, ananuka maziwa, na alinishika pua. Mama yake alipomaliza hakumchukua mara moja, aliendelea kuongea na wenzake. Nilijifanya natazama kamera ili wasinione uso.

Kisha wakaniita. Yule kijana wangu akasimama mbele yangu na kamba ya ng'ombe mkononi. Ukimya ukawa uleule, unaukumbuka, ule wa kabla ya laana. Nikaliita jina lake la kwenye filamu, nikafungua mdomo, na maneno yakatoka, Gidahosh. Yalitoka yote. Yalitoka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana, nikadhani kuna mtu mwingine nyuma yangu. Nilipomaliza nikaogopa kumwangalia yule kijana. Alikuwa anajikuna shingo, inzi alimuuma.

Nikashusha pumzi, nikasema ahsante Mungu, yamekwisha. Ndipo Hadiya akasema, "Mama, tunarudia. Kuna pikipiki imepita."

Kumbe filamu ndivyo ilivyo! Mimi nimebeba laana moja miaka thelathini na miwili, na hawa wanataka ya pili kabla sijafuta jasho. Nikamlaani tena. Punda akalia. Nikamlaani ya tatu, wingu likapita, mwanga ukabadilika. Ya nne kijana alicheka. Ya tano nilicheka mimi. Kufikia ya saba nilikuwa nimeshazunguka maneno yale kila upande, najua yanapouma na yanapohitaji kutulia, na wale wanawake walikuwa wanayasema pamoja nami midomo yao ikienda. Ya tisa, hakuna pikipiki wala punda. Nilimaliza, na hakuna aliyesogea. Yule kijana alikuwa analia machozi ya kweli. Baadaye nimemuuliza jina, anaitwa Agustino, ni mpole, mama yake yuko hai na wanapatana.

Hadiya akaja akanishika mikono. "Mama, tumeipata. Hiyo ndiyo yenyewe. Umechoka, nenda ukanywe chai."

Nikamwambia, "Mwanangu, turudie tena."

Natalia